Sweta Chini ya Mkanda

Sehemu ya nne

Wiki iliyopita niliwategea kitendawili nikawaacha nacho: akikukumbatia kwa nguvu anakupenda, akikukumbatia kwa ulegevu anakuumiza.

Mmejibu wengi. Mmoja kasema ni mume. Mwingine kasema ni usingizi. Mama mmoja wa huku kwetu kasema ni kamba ya mzigo wa kuni, na huyo alikaribia, lakini hakufika. Mmeshindwa, nipeni mji.

Miji mmenipa. Nimepewa Mbeya, nimepewa Tukuyu yote na chai yake. Ila nyumba moja ndogo pale Bulyaga, yenye mjukuu wangu ndani, hiyo hakuna wa kunipa.

Jibu ni mkanda. Mkanda wa kiti cha gari cha mtoto.

Kwa aliyekosa magazeti ya nyuma: mimi ni Tupokigwe wa Ikuti, nimesoma hadi darasa la saba, nimezaa sita na wote nikawabeba kwa mgongo huu. Mwanangu wa mwisho, Ambilikile, ana duka la dawa za mifugo Tukuyu mjini na gari dogo jeupe. Mkewe Lilian ni mwalimu. Wana mtoto mmoja, Winfrida, tunamwita Wini, mwaka mmoja na miezi miwili. Jumatatu wakiniletea, Ijumaa wakimchukua. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu ya uzee.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, gari likitoka kwangu kurudi mjini, pikipiki ilikatiza kwenye mteremko. Ambilikile akakanyaga breki, gari likaingia mtaroni kwa pua. Yeye alitoka mzima. Wini alichomoka kwenye mikanda ya kiti chake akagonga mgongo wa kiti cha mbele. Mfupa wa bega ukavunjika, na juu ya nyusi akashonwa nyuzi nne.

Watu wote wakasema kiti kibovu. Na kiti kile tulikichukua kwa Shamsia, mama Amna, rafiki yangu tangu tulipokutana kliniki, mimi nina mimba ya Ambilikile na yeye ana mimba ya Amna.

Tuliishia hapo. Leo naanzia pale nilipokuwa napaogopa.

*

Kwanza mjue kiti kilivyopatikana, maana hapo ndipo niliambiwa kila kitu, nikasikia kwa masikio haya mawili.

Shamsia ana meza sokoni, anauza vitu vya watoto vya mtumba. Amna yuko Dar es Salaam, anamchagulia huko na kumtumia kwa basi, pamoja na video za kumwelekeza kwenye simu. Siku ile tulikwenda wote: mimi, Ambilikile, Lilian, na Wini mgongoni kwangu.

Ambilikile alishika kiti chekundu kilichokuwa chini ya meza. Kizuri, kinang'aa.

"Hicho hakiuzwi," Shamsia akasema.

"Sasa kwa nini umekileta sokoni?"

"Nitakikata nitoe kitambaa na sponji. Tazama hapa chini. Unaona huu mstari mweupe kwenye plastiki? Hiki kimeshapata ajali huko kilikotoka. Kilishafanya kazi yake, kimechoka. Nikikuuzia hiki sitalala."

"Mama Amna, nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Akaingia kibandani nyuma ya meza akatoka na cha kijivu. Hakikuwa kizuri. Kilikuwa na doa la juisi pembeni.

"Hiki kinageuka," alisema. "Sasa hivi mnakifunga mtoto akitazama nyuma ya gari. Siku akizidi kilo na kimo kilichoandikwa hapa ubavuni, ndipo mnakigeuza atazame mbele. Msifanye haraka. Akikunja miguu, mwacheni aikunje, mguu hauna shida."

Mimi nikacheka. "Mtoto anapanda gari anatazama alikotoka? Kama anayefukuzwa?"

"Acha afukuzwe, mama Ambi. Kichwa cha mtoto ni kizito kuliko shingo yake. Gari likigonga naye anatazama mbele, kichwa kinakwenda peke yake. Akitazama nyuma, kiti kinampokea mgongo mzima."

"Mimi nimebeba sita bila kiti."

"Kwenye gari?"

"Kwa kanga."

"Na kanga yako ulikuwa unailegeza?"

"Nikiilegeza si ataanguka."

"Umejijibu," akasema, na Lilian akacheka.

Kicheko kile kiliniuma. Nawaambia ukweli, kiliniuma kuliko nilivyoonyesha. Tangu siku ile niliona lile dude la kijivu limekuja kunivua mjukuu mgongoni.

Shamsia alikwenda mwenyewe mpaka kwenye gari. Akaweka goti lake juu ya kiti, akavuta mkanda wa gari mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akakishika chini akakitikisa. "Kisicheze kuzidi upana wa kidole gumba," alisema. Akamkalisha Wini, mikanda ikapita mabegani, kifungo chekundu kikalia, akavuta ule mkia wa mkanda chini. Halafu akachukua vidole viwili akajaribu kuufinya mkanda pale begani, kama unavyofinya kitambaa cha kushona.

"Ukipata cha kufinya, umelegea. Vuta tena. Vidole vikiteleza, nendeni salama."

Kisha akageuka. Hakumtazama Lilian, hakumtazama Ambilikile. Alinitazama mimi, maana sweta zote za Wini nafuma mimi.

"Na baridi ya huku naijua. Usimvike sweta nene ndani ya mikanda. Mfunge kwanza, blanketi juu yake. Umesikia, mama Ambi?"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

*

Sasa ile Ijumaa.

Lilian alikuwa na mitihani ya kusahihisha, Ambilikile akaja peke yake. Ukungu ulikuwa umeshuka, mgomba wa tatu kutoka mlangoni huuoni. Alifika na simu sikioni. Ng'ombe wa mtu alikuwa anashindwa kuzaa, na mwenye ng'ombe analia kwenye simu.

"Mama, mfunge wewe," akaniambia akiwa amefunika simu kwa kiganja. "Mimi naongea na huyu mzee."

Asubuhi ile nilikuwa nimemaliza sweta jeupe. Nyuzi mbili kwa pamoja, kola ya kukunja, vifungo vya mbao. Nilifuma mwezi mzima. Lilian aliwahi kuniambia, "Mama, sweta zako ni nzuri ila nzito." Nikasema moyoni, hili atalifungulia mlango wa gari alione mwenyewe, liko mwilini mwa mwanawe, aseme tena nzito.

Nikamvika. Juu ya sweta nikaweka koti lake. Nikamkalisha.

Kifungo hakikufika.

Nilivuta, hakikufika. Wini akaanza kulia. Hapo nilikuwa na njia mbili, na zote nilizijua. Nikaingiza kidole chini ya kitambaa, pale katikati ya mapaja yake, palipo na kile kitufe cha kulegezea. Nikakibonyeza, nikavuta mikanda mabegani ikaja mirefu kama kamba za mbuzi. Kifungo kikalia. Wini akanyamaza, akanishika pua.

Sikuhitaji vidole viwili kujua. Kiganja kizima kingepita pale begani.

Nikasema, sweta litamshika.

Basi. Maneno yangu ni hayo mawili. Sweta litamshika. Nikambusu, nikafunga mlango, nikampungia mkono mtoto aliyekuwa ananitazama, maana alikuwa anatazama nyuma, na mimi ndiye niliyekuwa nyuma.

*

Hospitali walilikata sweta kwa mkasi. Mkono wa bega lililovunjika haukuweza kuinuka kuvuliwa. Nesi akalikunja akaniwekea kwenye mfuko wa plastiki: "Bibi, nguo za mtoto hizi." Lilian alikuwa bado njiani kutoka shule. Nikaliingiza ndani ya kapu langu, chini kabisa.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema, "Kutazama nyuma kumemwokoa shingo. Lakini alipanda juu akatoka kwenye mikanda. Mikanda ilikuwa imekaza?"

Wakati huo Lilian alikuwa ameshafika, viatu vimejaa tope.

"Nani alimfunga?" akauliza.

Nikafungua mdomo. Wallahi, kama anavyosema Shamsia, nilifungua mdomo.

"Mimi," Ambilikile akasema.

Nikamtazama mwanangu. Hakunitazama. Baadaye nilielewa: alikuwa amemwahidi mkewe kwamba mtoto atafungwa na yeye au na Lilian mwenyewe, si mtu mwingine. Kwa hiyo hakunificha mimi. Alijificha mwenyewe, na mimi nikajibanza nyuma yake.

"Ulimkaza?"

"Kama siku zote."

"Alivaa nini?"

"Gauni na soksi. Blanketi juu."

Hata alichovaa hakukiona. Alikuwa na simu, na kule mtaroni aliona damu tu.

Lilian hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepumua. Alimpapasa Wini mguu, akasema taratibu, "Basi ni kiti. Na kama si kiti, ni mtu. Na mtu huyo, awe nani, hatamshika tena mwanangu. Nimeapa mbele yenu."

Mnaelewa sasa. Nikisema, nampoteza Wini. Nisiposema, nampoteza Shamsia. Nilipima siku hiyohiyo, kwenye benchi la hospitali, na sikuchukua muda mrefu. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko sweta. Sikuchukua muda mrefu.

*

Soko likasikia. Watu wakawa wanapita meza ya Shamsia wakitazama upande wa pili. Mwanamke mmoja wa vitunguu akamwita muuza majeneza ya watoto, akamwita hivyo asubuhi, watu wakacheka, ikawa jina lake.

Wiki ya tatu Shamsia alikuja Ikuti. Alitembea kutoka barabarani na ugonjwa wake wa sukari, kanga imelowa mpaka magotini. Nilikuwa namenya ndizi.

"Ugonile, mama Ambi," akanisalimu.

"Ndaga, mama Amna. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja na swali moja, nijibu nirudi. Ijumaa ile wewe ulikuwepo hapa. Yule mtoto alifungwaje?"

"Sikuona. Nilikuwa jikoni."

"Hukumsogelea?"

"Kiti chenu mimi sikijui hata kinafunguliwa wapi."

Kuku akapita katikati yetu.

"Sawa," akasema. "Maana wewe hujawahi kunidanganya. Nikisikia kwako, najua nimesikia ukweli. Basi labda kweli ni kiti, na mimi sijui ninachouza."

Akageuka kwenda. Nilimfungia mkungu wa ndizi apeleke nyumbani, akaupokea, akanishukuru, ndaga fijo. Alipokwisha kupotea kwenye migomba nilikaa chini pale pale kwenye maganda.

*

Jumapili iliyofuata tukaitwa Bulyaga, nyumbani kwa Ambilikile, baada ya ibada. Alikuwepo Godwin, mwenyekiti wa soko, mtu mzito wa kusema, mwepesi wa kula. Alikuja kuamua kama meza ya Shamsia iondoke.

Nilifika na kapu langu. Lilian akanipokea mlangoni.

"Nikubebee, mama?"

"Acha. Ni maharage ya mbegu, ya mtu, nayapitisha."

Kwa wiki tatu nilikuwa natembea na lile sweta. Nilishindwa kulichoma. Nilishindwa kulizika. Kila nilipoliacha nyumbani niliona kama kuna mtu anaingia kulichukua, basi nikawa nakwenda nalo mpaka kanisani.

Nikaliweka kapu miguuni, nikakaa. Wini alikuwa amelala chumbani. Nilimsikia akikohoa nikanyanyuka nusu, Lilian akanyanyuka mzima. Nikakaa.

Kiti cha kijivu kilikuwa katikati ya sebule, juu ya meza ya kahawa, kimewekwa kama mshtakiwa. Ambilikile alikihifadhi hivyo hivyo tangu siku ya ajali.

Shamsia akaja na mfuko wa salfeti. Akamtoa mdoli mkubwa wa kitambaa, jicho moja limetoka.

Godwin akacheka. "Huyu naye ni shahidi?"

"Huyu angalau hasemi uongo," Shamsia akasema, na cheko la mwenyekiti likaishia njiani.

"Mama Amna, shikamoo," Ambilikile akaanza, "lakini kwa heshima zote, tusichezewe na midoli. Mwanangu amevunjika."

"Marahaba, mwanangu. Wini nilimwogesha mimi wiki yake ya kwanza, wewe ukiogopa kumshika kama yai. Usinifundishe habari ya kuvunjika kwake. Nipe nafasi dakika kumi, halafu meza muichukue."

Godwin akatikisa kichwa kukubali.

Shamsia alimkalisha mdoli bila nguo. Akafunga kifungo, akavuta mkia wa mkanda, akafinya begani kwa vidole viwili. Vikateleza.

"Mwenyekiti, njoo ufinye."

Godwin akafinya. Vikateleza.

"Sasa kigeuze juu chini. Tikisa. Tikisa kama unapepeta."

Mwenyekiti wa soko akakiinua kiti akakitikisa mpaka jasho likamtoka. Mdoli hakusogea. Jicho lake moja lilikuwa linanitazama mimi.

"Kimeshika," Godwin akasema akihema.

"Mikanda ni ileile, kifungo ni kilekile. Hakuna aliyegusa?"

"Hakuna," Ambilikile akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Basi naomba sweta nene la mtoto. Nataka kuwaonyesha kitu ambacho Amna alinionyesha." Akanigeukia. "Mama Ambi, wewe hukosi sweta la Wini. Hujawahi kukosa."

Nililisukuma kapu kwa kisigino mpaka likagusa ukuta.

"Leo sina," nikasema.

"Nitaleta," Lilian akasema. Akaingia chumbani, akarudi na la njano, la zamani, nililofuma Wini akiwa na miezi sita. Jepesi kuliko lile jeupe, lakini ni uzi uleule na mkono uleule.

Shamsia akamvika mdoli, akajaribu kifungo. Hakikufika.

"Mnaona. Mikanda iliyokazwa sawasawa, na sweta hili, haviendi pamoja. Hapa mtu anaamua. Avue sweta, au alegeze mkanda. Akilegeza, kifungo kitalia vizuri, ataona amefunga. Lakini amelifunga sweta. Mtoto yumo humo ndani anaelea. Gari likigonga, sweta linasinyaa, mtoto anatoka juu kama ndizi kwenye ganda lake."

"Lakini mimi nimesema," Ambilikile akasema, "hakuvaa sweta. Gauni na soksi."

"Nimesikia, mwanangu. Sijasema alivaa. Nawaonyesha tu." Alijaribu tena kile kifungo, mikono ikamtetemeka. Sukari. Naijua ile mitetemo yake, inamshika akikosa kula. "Mikono yangu leo si mizuri. Mama Ambi, nifungie."

Mpaka leo sijui kama ulikuwa mtego. Nimemjua mwanamke huyu miaka mingi na siwezi kuwaambia. Alisema tu, kama mtu anavyomwomba mwenzake amvutie zipu: nifungie.

Nikanyanyuka. Nilikuwa nafikiri juu ya mikono yake. Nilikuwa nafikiri kwamba hajala, na kwamba nimletee chai. Nikapiga magoti mbele ya kiti, nikamshika mdoli, nikaona kifungo hakifiki.

Mkono wangu ukaingia chini ya kitambaa, katikati ya mapaja ya mdoli, moja kwa moja. Haukupapasa. Haukutafuta. Kidole kikatua juu ya kile kitufe, na mkono wa pili tayari ulikuwa umeshika mikanda mabegani, unasubiri kuvuta.

Mimi, nisiyejua hata kinafunguliwa wapi.

Shamsia alikuwa karibu yangu kuliko wote. Aliutazama mkono wangu, kisha akautazama uso wangu, kisha akayafumba macho yake kama mtu aliyeingiwa na moshi. Hakusema kitu. Nilitaka aseme. Kama angesema, ningegombana naye, na ugomvi ungenificha.

"Mama," Ambilikile akasema. "Acha."

Lilian alikuwa amesimama na mikono imefungwa kifuani. Alimgeukia mumewe polepole, si mimi.

"Aache nini, baba Wini?"

Godwin akajifanya anatafuta kofia yake. Kule chumbani Wini akaamka, akaita kwa lile neno moja analolijua vizuri kuliko yote. "Bibi." Akangoja. "Bibi."

Nikanyanyuka kwenda. Miguu ilinyanyuka yenyewe, kama mkono ulivyokwenda wenyewe. Lilian akasimama njiani. Hakunigusa. Aliinama tu akashika kapu langu pale ukutani, ili anipishe, au ili anizuie, sijui.

Alilinyanyua kwa kidole kimoja.

Akasimama nalo likining'inia, akalitazama, akanitazama mimi niliyemwambia mlangoni ni maharage.